Nimeuziwa jiko la bamba la "milimita 6" hapa Dodoma, fundi kapima kakuta 3, na duka limegoma kulipokea

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimelala nayo siku nne. Nikinyamaza, kuna mama mwingine ataingia duka lile lile kesho asubuhi na kutoka na bamba kama langu.

Nyumbani kwangu Ilazo tuko tisa: mimi, mume wangu, watoto wanne, mama mkwe, na wadogo wawili wa mume wanaosoma UDOM. Chapati za Jumapili kwa watu tisa haziwezi kupungua thelathini. Kwenye kikaango kimoja, inaingia moja inatoka moja, nasimama saa nzima na nusu, na za kwanza zinakuwa zimeshapoa kabla za mwisho hazijaiva. Ndiyo maana niliyatamani haya majiko ya bamba bapa la chuma yanayowekwa uani, yale ambayo Marekani familia inazunguka mtu anapika mayai, nyama na mikate kwa mkupuo mmoja. Inchi 36, mirija minne ya moto chini, mtungi wa gesi pembeni. Nikapiga hesabu: chapati kumi na mbili kwa wakati mmoja. Nikaweka kibubu tangu Januari, kwa sababu mwezi wa nane binti yetu wa kwanza alikuwa anapata kipaimara na wageni wangefika thelathini na tano.

Nikaenda duka moja la vyombo hapa mjini. Jina silitaji, bado nataka wanirudishie changu. Nikauliza swali moja tu la maana, maana nilishasoma kidogo kabla ya kwenda: bamba lina unene gani? Kijana akaligonga kwa kifundo cha kidole, akanionyesha ukingo wa mbele, akasema, "Mama yangu, hili ni milimita 6, chuma cha kazi, utawarithisha wajukuu." Nikainama nikatazama ukingo. Kweli, ulikuwa mnene kama kidole changu kidogo kikikatwa nusu. Nikalipa laki sita na themanini. Risiti ya EFD nikapewa, imeandikwa "jiko la gesi 1" basi. Hapo ndipo nilipokosea, ila sikujua.

Jumamosi nikalijaribu. Nililiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikalikausha, nikalipaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, tabaka jembamba mno, nikawasha moto mdogo hadi likaacha kutoa moshi, nikarudia mara tatu. Hivyo ndivyo chuma kinavyotengenezewa ngozi yake ili chakula kisigande. Niliyafanya yote sawasawa na naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu kuna mtu atanijibu kwamba sikulitunza.

Nikaweka chapati kumi na mbili. Zilizokaa juu ya mirija ya moto zikaungua mistari minne iliyonyooka, kama mtu kachora kwa rula. Zilizokaa kati ya mirija zilikuwa bado nyeupe. Za pembeni unga mbichi kabisa. Nikapunguza moto, zote zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Nikajiambia labda ni mkono wangu bado haujazoea.

Jumapili ya kipaimara ndiyo sitaisahau. Tumerudi kanisani, wageni wameketi chini ya turubai, upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua. Nimewasha mirija yote minne kwa sababu shemeji ameleta nyama ya mbuzi aliyoinunua mnadani Msalato jana yake, kilo nane, imekatwa vipande vidogo vya kukaanga. Kama dakika kumi hivi tangu niwashe, bamba likapiga mlio, "ndo!", kama bati la paa jua likilichoma ghafla. Watoto wakashtuka. Nikatazama, katikati kumebonyea. Bamba lote limekuwa sinia. Mafuta ambayo yangepaswa kuteremka kwenye mfereji wa nyuma yakakusanyika katikati, nyama ya katikati ikaanza kuogelea na ya pembeni ikakauka. Wifi yangu akavunja mayai kumi upande wa kulia kwa ajili ya watoto, yakateremka yote hadi kwenye yale mafuta ya nyama. Mama mkwe akaagiza majiko ya mkaa yatolewe stoo. Wageni walikula saa kumi jioni, na binti yangu na gauni lake jeupe alikuwa anapepea mkaa siku ya kipaimara chake.

Halafu kuna jambo baya zaidi ya chakula. Nilipoinama kuzima nikaona mafuta yaliyokuwa yametangulia kwenye mfereji yanatokea tundu la nyuma, na kikopo cha kukingia kimewekwa sentimita kadhaa kando ya tundu. Tone moja lilidondoka juu ya mpira wa gesi. Nililiona kwa macho yangu, likatoa moshi mwembamba, likatambaa kwenye mpira kuelekea mtungini. Watoto wa watu walikuwa wanacheza hatua tano kutoka pale.

Jumatatu nikampigia simu kijana wa duka. Unajua alisema nini? "Mama, umemwagia maji ya baridi likiwa la moto." Sikumwagia hata tone! Najua maji ya baridi yanapindisha chuma cha moto, najua kabisa, na ndiyo maana nilikuwa makini. Nikamwambia nakuja nalo. Akasema mali ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa ukutani.

Basi nikamchukua kijana wa bajaji, tukalipeleka bamba kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti, mzee mmoja mtulivu sana. Hakuuliza habari ndefu. Aliligeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbele, akaniita, "Mama, njoo uone." Wakuu, ukingo umekunjwa! Chuma kimekunjwa kwa ndani kikalaliana mara mbili, kikapakwa rangi nyeusi juu ya mshono. Ukisimama mbele ya jiko unaona milimita 6. Ni milimita 3 mara mbili. Fundi akaingiza kipimo chake cha venia, kile cha kubana chuma na kusoma unene, kwenye lile tundu la kutolea mafuta, mahali ambapo hapakukunjwa, akanisomea: 3, na hapo ni pamoja na rangi.

Nikamwomba athibitishe kwa njia nyingine ili mtu asije kusema kipimo kimekosea. Akaniambia hesabu ambayo nawaomba muishike: chuma chenye ukubwa wa mita moja ya mraba, kila milimita moja ya unene ina uzito wa kilo 7.85. Bamba langu ni sentimita 90 kwa 55, yaani karibu nusu ya mita ya mraba, kwa hiyo kila milimita ni kama kilo 4 kasoro. La milimita 6 lingekuwa na kilo 23 hivi. Tukalipandisha kwenye mizani ya jirani yake anayeuza alizeti kwa gunia. Kilo 12 na kitu. Hapo sasa nani anabisha na mizani?

Na hapo ndipo nilipoelewa mistari yangu minne ya chapati. Fundi alinieleza kwamba chuma hakisambazi moto haraka kama alumini. Kikiwa kinene, moto wa mrija unapata nafasi ya kutawanyika ndani yake kabla haujafika juu, na kikishashika joto kinalihifadhi, ukiweka nyama baridi hakishtuki. Kikiwa chembamba, juu ya mrija kunaungua na hatua moja pembeni kumepoa. Katikati panapopata moto panataka kutanuka, kingo zilizopoa zinapazuia, chuma kinakosa pa kwenda, kinabonyea. Kwa hiyo ule mlio wa "ndo!" haukutokana na maji wala na mkono wangu. Ulikuwa ndani ya lile bamba tangu siku lilipokatwa kiwandani.

Yaani laki sita na themanini yangu imenunua miguu yenye magurudumu, rangi, na meza mbili za pembeni za kuwekea sahani. Kitu ambacho ndicho jiko lenyewe wamekipunguza nusu wakakifunika kwa mkunjo. Huko ni kuniuzia mbuzi kwenye gunia, tena gunia wamelishona wao.

Kuhusu gesi nayo, nilipigwa kwa kutoambiwa. Kibandiko kinasema BTU 60,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) mirija yote ikiwa wazi. Kilo moja ya gesi ya kupikia inatoa kama 45,000, kwa hiyo ukifungulia kila kitu unachoma zaidi ya kilo moja na robo kwa saa. Mtungi wangu wa kilo 6 haufikishi saa tano. Na ule mtungi mdogo ukinyonywa kwa kasi hiyo unapoa hadi unatoka jasho la baridi nje, presha inashuka, moto unafifia. Niliushika ule wa kwangu, ulikuwa baridi kama chupa ya soda kwenye friji. Jiko la namna hii linataka mtungi wa kilo 15 au 38, na muuzaji alipaswa kusema. Pia swichi moja inaendesha mirija miwili, kwa hiyo huwezi kuacha upande mmoja moto mkali na mwingine moto wa kuweka chakula kisipoe kama nilivyopanga. Na chini ya bamba kuna uwazi wa kiganja kizima pande zote, hakuna kizuizi cha upepo. Kwa upepo wetu huu moto unalala upande mmoja, na mara mbili mrija wa mwisho ulizimika gesi ikiendelea kutoka. Nilinusa ndipo nikajua.

Tunaambiwa tuache mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi naukubali, kwa sababu nimepika kwa mkaa tangu nina miaka tisa na kifua cha mama yangu nakijua. Lakini mtu anayejinyima miezi minane ili ahame, halafu siku ya sherehe anarudishwa stoo kuchukua jiko la mkaa, mama mkwe akishuhudia, huyo mtamshawishi tena kwa maneno gani? Majirani zangu wawili waliokuwa wanasubiri waone langu wameshasema hawanunui.

Nimeuliza kuhusu ile "mali ikishauzwa hairudishwi". Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Karatasi ya ukutani haifuti sheria. Shida yangu ni kwamba maelezo nilipewa kwa mdomo na risiti haitaji milimita. Kwa hiyo nawaomba mnaokwenda kununua, kabla hamjatoa hela, mwambieni muuzaji aandike unene kwenye risiti kwa mkono wake na aweke mhuri. Akisita, ondokeni. Pimeni kwenye tundu la mafuta, msipime ukingoni. Linyanyueni bamba peke yake. La inchi 36 ukiweza kulinyanyua kwa mkono mmoja bila kukunja uso, liache. Washeni mrija mmoja mmoja muone kama kila mmoja una swichi yake. Na fuateni njia ya mafuta kwa macho, kutoka juu hadi kwenye kikopo, muone inapita wapi na mpira wa gesi uko wapi.

Yule fundi amesema anaweza kunikatia pleti nyeusi ya milimita 6 na kuchomelea kingo tatu ili mafuta yasimwagike, iingie kwenye fremu ile ile, ila miguu itabidi iongezewe nguvu maana uzito unakuwa mara mbili. Alinionya nisikubali pleti yenye zinki, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Bei yake ni ya haki. Lakini kwa nini nilipe mara mbili? Mume wangu anasema tulimalize kwa fundi tupumzike. Mimi nimekataa. Pesa ile niliihesabu noti kwa noti.

Jumamosi asubuhi narudi dukani na bamba kwenye bajaji, risiti, picha za ule mkunjo na za mizani. Fundi amekubali kuja na kipimo chake apime mbele yao, na mbele ya wateja watakaokuwepo. Wakikataa tena, Jumatatu malalamiko yangu yanakwenda Tume ya Ushindani na nakala TBS, shirika la viwango. Nitarudi hapa na mrejesho, iwe wamelipa au hawajalipa.

Mliokwisha kununua jiko kama hili hapa Dodoma, Singida au Morogoro, naomba leo mkalitazame lile tundu la mafuta. Pimeni, andikeni hapa milimita ngapi, na mliambiwa ngapi.