Mjadala: Filamu za mamilioni ya dola, nani anaamua humo ndani?

KITI CHA NYUMA (mleta mada)

Wakuu, nijieleze kwanza nisije nikapigwa mawe bure. Mimi si wale wa kukunja uso kila wakisikia mlipuko. Muvi kubwa nazipenda. Nataka jengo lianguke, stelingi arukie ndege, spika zitikise kiti. Ndiyo maana nina uchungu.

Mwaka 2023 nilitazama The Flash, The Marvels na Indiana Jones and the Dial of Destiny. Kila moja ilikula zaidi ya dola milioni 200, na hiyo ya Indiana Jones inakaribia 300. Wiki moja baadaye ungeniuliza adui wa The Marvels alikuwa anatafuta nini, ningeanza kukohoa. Kwenye The Flash kuna watoto wachanga wanadondoka kutoka jengo la hospitali, nyuso zao kama mishumaa iliyosahauliwa juani. Mwongozaji alijitetea kwamba walikusudia hivyo, eti tunaiona dunia kwa macho ya Flash mwenyewe, shujaa wa mbio za ajabu. Haya. Mimi niliona kazi iliyoishiwa muda.

Mwaka huohuo Wajapani wakatoa Godzilla Minus One. Bajeti haikufika dola milioni 15. Timu ya grafiksi ilikuwa ya watu 35 hivi, vipande walivyotengeneza 610, na Machi 2024 wakaondoka na Oscar ya madoido ya picha. Kati ya waliowaacha nyuma ni Mission: Impossible iliyogharimu karibu mara ishirini ya hiyo. Lile jitu lilipoanza kuifukuza boti ya mbao, kichwa tu kikikata maji, nilijikuta nimepandisha miguu kwenye kiti. Mtu mzima.

Sasa msiniletee jibu kwamba pesa nyingi ndiyo sumu. Avatar: The Way of Water ya 2022 ni katika filamu ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na kila dola unaiona ikiogelea. Wala msiniambie kompyuta, maana Godzilla huyo wa Wajapani naye katoka kwenye kompyuta. Wala habari za kuchoshwa na mwendelezo: Top Gun: Maverick ilikuja miaka 36 baada ya ile ya kwanza, na ikaipita.

Hoja yangu ni hii. Pesa nyingi zinanunua ruhusa ya kutoamua. Studio inatangaza tarehe ya kutoka miaka miwili kabla, skripti bado inaandikwa, mwigizaji anasimamishwa mbele ya kitambaa cha kijani na kuambiwa "shangaa". Ashangae nini? Itajulikana baadaye. Ikishindikana, watu watarudi kupiga upya. Ikishindikana tena, vijana wa grafiksi watakesha.

Takashi Yamazaki aliandika Minus One mwenyewe, akaongoza mwenyewe, akasimamia grafiksi mwenyewe. Akitaka wimbi liwe refu zaidi anamgeukia aliyekaa jirani, basi. Hakuna kikao. Kwenye Maverick waliamua mapema kwamba waigizaji watapandishwa kweli kwenye ndege za kivita za F/A-18, nyuma ya marubani wa jeshi, na kamera sita humo ndani. Ukishaamua hivyo huhitaji kumfundisha mtu kuigiza uzito wa mwendo. Mashavu yanaigiza yenyewe.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa mfano.

BISI BARIDI

Mleta mada umeandika kirefu, kumbe shida ni moja tu: stelingi hafi.

Zamani tulikuwa tunajua hafi, lakini filamu ilitulaghai tuamini anaweza kufa. Siku hizi wanamuua kabisa, unalia, halafu analetwa mwingine kutoka ulimwengu wa jirani. Wolverine alikufa kwenye Logan 2017, mimi nikanunua na leso. Mwaka 2024 yuko na Deadpool wanapigana, na ile maiti ya Logan ndiyo kichekesho cha kufungulia. Robert Downey Jr. tulimzika kama Iron Man 2019, Julai 2024 wametangaza anarudi kama Doctor Doom. Nisiwe na wasiwasi na mtu, nisilie msibani, sasa kwenye kiti nafanya nini?

FUNDI FREMU

Umesema tupinge kwa mfano, mkuu, naleta miwili, na yote ni ya filamu ambayo nina hakika uliipenda: Avengers: Endgame.

Yale mavazi meupe waliyovaa kusafiri kwenye muda ni kompyuta tupu, shingoni hadi miguuni. Wakati wa kupiga picha muundo wa mavazi ulikuwa haujakamilika, kwa hiyo wakapiga tu, nguo ikaja baadaye. Hiyo si ndiyo "kutoamua" unayoisema? Hujawahi kulalamika.

Wa pili ndio mzito. Tony Stark, ndiye Iron Man, kabla hajapiga vidole na kufa anasema "And I am Iron Man". Ukumbi mzima ulisimama. Maneno hayo hayakuwa kwenye skripti. Mhariri, Jeff Ford, ndiye aliyeyapendekeza wakiwa kwenye chumba cha kuhariri, na ikabidi mwigizaji arudishwe mbele ya kamera Januari 2019. Filamu ilitoka Aprili. Kwa kanuni yako ile sentensi isingekuwepo, kwa sababu tungekuwa tumeshaamua mapema.

Mimi ninafanya uhariri, wa video ndogondogo tu, si Hollywood. Kila mhariri atakwambia filamu inaandikwa mara ya mwisho mezani kwake. Kuchelewa si dhambi.

MAMA TRELA

Kaka zangu mnazungumzia wapishi, mimi niseme habari ya mwenye jiko.

Filamu ikiuza tiketi za dola milioni 400, msidhani studio imebeba 400. Majumba ya sinema yanakata sehemu yake, kwa makadirio ya kawaida karibu nusu. China studio ya nje inaambulia kama robo tu. Juu ya hapo kuna matangazo, ambayo hayahesabiwi kwenye ile bajeti mnayosoma. Indiana Jones wa 2023 aliuza chini ya milioni 400 dunia nzima kwa bajeti ya karibu 300. Pigeni hesabu wenyewe.

Mtu mwenye hesabu hiyo kichwani anaogopa. Na mwoga hataki hadithi, anataka jina ambalo watu wanalijua tayari. Joker ya 2019 ilitengenezwa chini ya dola milioni 70 na ikavuka bilioni moja. Wakaambiana, tufanye tena. Joker ya pili, 2024, bajeti ikapanda hadi karibu milioni 200, na mauzo ya dunia nzima yakazidi hapo kidogo tu. Mwongozaji yuleyule, mwigizaji yuleyule. Na Agosti 2022 Warner Bros. Discovery wakaizika Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa, dola milioni 90 hivi zimeshatoka. Waliona kuitoa ni hasara kuliko kuifungia kabatini. Ukiona studio imefika hapo, usiulize tena kuhusu skripti.

Lakini na sisi watazamaji tusijifanye hatumo. Mwaka 2019 The Lion King ilirudiwa kwa kompyuta. Simba wanaonekana simba kweli, ila sura hazitikisiki: stelingi anafiwa na baba, uso uleule, anaimba, uso uleule. Sisi wenye Kiswahili tunajua maana ya jina la yule ngiri, Pumbaa, lakini safari ile walipumbaa mbuga nzima. Ikauza zaidi ya dola bilioni 1.6. Studio ikasikia nini hapo? Ikasikia makofi.

KITI CHA NYUMA

Mama Trela, nakubali woga upo, na wewe umeueleza vizuri kuliko mimi. Ila woga na kutoamua ni ndugu wa tumbo moja. Anayeogopa ndiye anayesema "tupige namna tatu, tutachagua baadaye".

Fundi Fremu umenigonga. Habari ya Jeff Ford nilikuwa naijua, nikaiacha makusudi nikitumaini hamtaikumbuka. Nimekamatwa.

Basi ninyooshe hoja. Kuchelewa peke yake si kosa. Kuna The Creator ya 2023, ya dola milioni 80 tu. Mwongozaji Gareth Edwards alizunguka na kikundi kidogo na kamera ndogo ambayo mpiga video wa harusi anaweza kuwa nayo, akapiga watu halisi mahali halisi, akahariri, ndipo michoro ya roboti na majengo ikaanza. Yaani grafiksi zilichelewa kuliko kawaida! Na ina sura nzuri kuliko muvi za milioni 250. Kwa sababu kuchelewa kulipangwa: walichora kile tu ambacho kimeshabaki kwenye filamu, juu ya mwanga uliokuwepo kweli. (Hadithi yake ilinipwaya, na sokoni haikufua dafu. Sisemi ni muvi bora.)

Endgame vilevile. Mavazi yalikuwa hayajajulikana, lakini Tony kufa kulijulikana. Jeff Ford hakuokota sentensi barabarani. Aliirudisha ile iliyofunga Iron Man ya 2008. Filamu ilikuwa inajua inakokwenda, kilichokosekana ni neno. The Flash ilikosa vyote viwili.

FUNDI FREMU

Hapo umerudi nyuma hatua mbili, lakini umesimama pazuri zaidi. Nakubali nusu.

JICHO KAVU

Mmepita haraka sana kwenye "vijana wa grafiksi watakesha". Nataka tusimame hapo.

Life of Pi ilipata Oscar ya madoido ya picha Februari 2013. Kampuni iliyomtengeneza yule chui milia, Rhythm & Hues, ilikuwa imeomba ulinzi wa mufilisi siku chache kabla ya sherehe. Nje ya ukumbi watu wa fani hiyo walikuwa wanaandamana. Ndani, mshindi alipoanza kuwataja Rhythm & Hues na matatizo yao, muziki wa papa wa filamu ya Jaws ukapandishwa na kipaza sauti kikazimwa. Sijawahi kuisahau.

Mchezo wenyewe uko hivi: kampuni za grafiksi zinashindania kazi kwa bei moja inayokubaliwa mwanzoni. Studio ikibadili mawazo mara kumi, bei mara nyingi inabaki ileile, saa ndizo zinaongezeka. Kwa hiyo kutoamua mnakokujadili kama suala la sanaa kuna mtu anakulipia kwa usingizi wake. Septemba 2023 wafanyakazi wa grafiksi wa studio ya Marvel walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Ukiona kura ya namna hiyo, ujue watu walikuwa wameshafika shingoni.

Na kwa sababu hiyohiyo naomba tusimsifu Godzilla kupita kiasi. Watu 35, vipande 610, bajeti chini ya 15. Vizuri. Walilipwa nini? Wasije wenye studio wakasoma sifa zetu wakasema "mnaona, inawezekana", wakakata mishahara wakidhani wamejifunza sanaa.

BISI BARIDI

Jicho Kavu umenikata stimu ya utani wote niliokuwa nimeuandaa.

MAMA TRELA

Swali la Jicho Kavu ni la haki. Ila nisije nikaacha picha kwamba kila kitu kimeoza. Oppenheimer: saa tatu, watu wanaongea kwenye vyumba, bajeti dola milioni 100, ikauza zaidi ya 950 na Oscar saba. Sinners ya 2025: hadithi mpya kabisa, haina namba mbili wala tatu mwishoni, Michael B. Jordan ni pacha wawili, na imeuza zaidi ya milioni 360. Na anayedhani "kubwa" maana yake Marekani, atazame Ne Zha 2. Katuni ya China, 2025, zaidi ya dola bilioni mbili, sehemu kubwa kabisa ikitoka nyumbani kwao. Haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Halafu mnisaidie, hizo zote tatu zina nini cha kufanana? Christopher Nolan aliandika na kuongoza. Ryan Coogler aliandika na kuongoza. Jiaozi wa Ne Zha naye aliandika na kuongoza. Naona namsaidia mleta mada bila kupenda.

FUNDI FREMU

Joker ya pili pia mwongozaji aliandika, pamoja na mwenzake, na hakuwa mtu wa kuingiliwa. Aliamua. Aliamua vibaya.

KITI CHA NYUMA

Aliamua vibaya, lakini Joker ya pili naikumbuka hadi leo, hasira zote, wimbo baada ya wimbo. The Marvels siikumbuki. Mnipe kosa la mtu mmoja anayejua anachotaka.

Jicho Kavu, sina jibu la walilipwa nini, na nimeona aibu kwamba nilihesabu watu na vipande na dola bila kuuliza hilo. Wikiendi hii nairudia Minus One. Safari hii nitakaa hadi majina ya mwisho yapite. Kwa kawaida mimi ndiye wa kwanza mlangoni.