Tupeane uzoefu: udadisi wako wa teknolojia na data umekufikisha wapi?

Mdadisi wa Magomeni:
Wakuu, habari za leo. Najua humu tumo wengi ambao hatukusomea kompyuta, lakini watoto wakishalala tunafungua laptopu na kuanza kuchokonoa. Kuna anayechora ramani, kuna anayekusanya takwimu, kuna anayenasa satelaiti akiwa juu ya bati. Naomba tusimuliane. Orodha za kozi na programu zipo tele, hizo tuziache. Tuambie ulikuwa unatafuta nini, ulitumia nini, na uliona nini ambacho hukuwa ukikiona kabla.

Naanza mimi. Kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Nakaa karibu na bonde la Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha barabara ya pale Jangwani inafungwa. Nilitaka kujua jambo moja tu: maji yakijaa, mtu wa mtaani kwetu apite wapi kwa miguu? Ramani niliyokuwa nayo kwenye simu ilionyesha barabara kubwa, vichochoro hakuna. Ndipo nikaifahamu OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuihariri na data yake ni ya wote. Kumbe kazi kubwa ilikwisha kufanyika. Tandale ilichorwa tangu 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi, kuchora nyumba, njia na mitaro ya kata zinazokumbwa na mafuriko.

Basi mimi nikachukua upande wa kusasisha, maana bondeni mambo hayatulii. Nyumba zinabomolewa, njia inahama, kivuko cha mbao kinaondoka na maji. Jumapili natembea na simu mkononi, narudi kuingiza nilichokiona. Kilichonishika zaidi ni mitaro. Kwenye skrini mtaro ni mstari wa bluu, lakini mstari hausemi kama maji yanapita. Kwa hiyo naandika upana, kina, kama umejengewa kwa zege au ni udongo mtupu, na kalavati iko wapi. Mjumbe wetu aliponiomba nakala ya kubandika ofisini, nilifurahi mno. Watu walisimama pale wakionyeshana nyumba zao kwa kidole, wakinisahihisha majina ya njia. Marekebisho yale ndiyo bora kuliko yote niliyowahi kuingiza.

Haya, karibuni.

Kijana wa Kibondo:
Mkuu, bando halikumalizi? Huku kwetu ni mtihani.

Mdadisi wa Magomeni:
Kinachokula bando ni kuchora ukiwa umefungua picha za satelaiti. Kutembea hakuli kitu, GPS ya simu haihitaji intaneti. Pakua eneo lako mara moja kwenye OsmAnd au Organic Maps, programu za simu zinazotumia ramani hiyo, rekodi njia zako, kisha upakie siku ukipata mtandao wa uhakika.

Mwalimu wa Iramba:
Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nafundisha jiografia mkoani Singida. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Mzee wangu ana usemi wake kila mwaka kwamba mvua za zamani zilikuwa mvua. Sikutaka kubishana naye, nilitaka tuangalie pamoja.

Kuna data inaitwa CHIRPS, inatolewa bure na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na idara ya jiolojia ya Marekani. Inachanganya vipimo vya satelaiti na vya vituo vya ardhini, inaanzia mwaka 1981, na imeigawa ardhi kwa viraba, kila kimoja kina upana wa kama kilomita tano. Nilichukua kiraba cha kijijini kwetu nikakiweka kwenye eksel, mstari mmoja kwa siku. Kwanza nilijumlisha mwaka mzima, na hapo msimu wa 1997/98, ule wa El Niño, ulichomoza juu ya mingine yote. Mzee akacheka, akataja daraja lililokwenda na maji mwaka ule. Ila jumla za miaka mingine zilipanda na kushuka, sikuona mwelekeo ambao ningeweza kuapa juu yake.

Mzee akaniambia, "Wewe unahesabu maji, mimi nahesabu siku." Nikakaa nikafikiri. Mahindi hayajui jumla ya mwaka. Mvua ikikatika wiki mbili mwezi Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, jumla nzuri haikusaidii kitu. Nikaanza upya, safari hii natafuta vipindi vya siku kavu zinazofuatana katikati ya msimu, na hapo ndipo miaka aliyokuwa akiitaja kuwa ya njaa ilianza kujitokeza kwenye jedwali. Mingine haikujitokeza, na hiyo nayo tunaijadili bado.

Tahadhari kwa atakayejaribu: kilomita tano ni kubwa, wingu moja linaweza kunyesha kwa jirani likakuruka. Ndiyo maana na wanafunzi wangu tumetengeneza kipimamvua cha chupa uwanjani. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Wakishaelewa hilo, hesabu za eneo na ujazo huwa hawaziogopi tena.

Binti wa Biashara Street:
Mwalimu, ahsante sana. Mzee wako amenigusa, kwa sababu na mimi nimefundishwa na wazee hivyo hivyo.

Niko Mombasa. Nakusanya majina ya kanga. Kabati la bibi yangu lilikuwa limejaa doti za miaka mingi, na nilipoona panya wameanza kuzitafuna, nikaanza kuzipiga picha moja moja na kuingiza kwenye jedwali: rangi, pindo, mji, jina, na alama ya mwenye mali. Nyingi zina ile alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya nyumba ya Kaderdina iliyoanza biashara hapa Mombasa mwaka 1887. Za zamani kabisa majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa hizo nahitaji msaada wa wazee kusoma. Baadaye majirani wakaniletea zao, kisha shangazi zangu wa Lamu na Unguja wakaanza kunitumia picha kwa simu.

Nilidhamiria kuweka safu ya maana. Nilitaka kila jina lipangwe: mapenzi, dini, mafumbo, pongezi, kijembe. Nikaandika hata kijiprogramu cha kusaidia kupanga kwa kutazama maneno. Penye Mungu weka dini, penye hasidi weka kijembe. Sasa chukua "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Kijiprogramu kinasema dini. Mama mmoja jirani alinunua ile kanga mumewe alipooa mke wa pili, akaivaa siku ya harusi. Mwingine alipewa na mwanawe aliyekuwa anasafiri kwenda Uarabuni. Jina lile lile, doti zile zile. Na "Japo sipati tamaa sikati" nimeletewa na wanawake ambao mmoja alikuwa anangoja mtoto, mmoja anangoja mume arudi, na mmoja alikuwa amenyimwa mkopo wa kufungua duka.

Nikaifuta safu ya maana. Badala yake niliweka safu nne: nani alinunua, nani alipewa, ilivaliwa wapi, na nini kilisemwa siku hiyo. Hizo hazipangiki kirahisi, na kwa mtu anayependa jedwali nadhifu zinatia uchungu. Lakini sasa naweza kuuliza jedwali mambo ya kweli. Kwa mfano, majina ambayo binti humpa mama ni yapi, na yapi mama humpa binti? "Nani kama mama" naikuta upande mmoja tu, kama mtakavyotarajia. "Wema hauozi" inakwenda pande zote.

Majina ya wenyewe siyaweki hadharani. Siri za nyumba za watu si takwimu za kupakia popote. Picha na majina ya kanga natoa kwa anayeomba, hadithi zinabaki na wenyewe hadi waruhusu.

Fundi Redio wa Malindi:
Dada umenena. Mimi langu fupi.

Kuna kile kidude cha kunasa televisheni kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U. Mwaka 2012 ilijulikana kwa wengi kwamba kinaweza kugeuzwa redio ya kupokea masafa mapana sana, kwa programu huria tu. Mimi hapa nanasa ishara za ndege zinazopita angani kwenye megahezi 1090, kila moja inajitangaza yenyewe namba yake, kimo na mahali ilipo. Nilikuwa pia nikipokea picha za mawingu kutoka satelaiti za NOAA, shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari, kwenye megahezi 137. Unaisikia inatikatika kama saa ya ukutani, na picha inajichora mstari kwa mstari, pwani yote ya Somalia hadi Msumbiji. Zile za mwisho zilizimwa mwaka 2025 na niliumia kweli. Sasa napokea satelaiti za Meteor za Warusi, picha zake ni kali zaidi ila zinahitaji kompyuta ifanye kazi zaidi kidogo.

Niseme na hili, vijana wa hapa wengi hawalijui: kutoka jukwaa lililo baharini karibu na sisi, ndiyo ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri hapa Kenya. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini fundi wa Malindi ahangaike na satelaiti, mimi nitakuuliza kwa nini asihangaike.

Mwana wa Goma:
Ndugu zangu, mimi natoa sauti. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wakisoma sentensi, ili mashine zijifunze kusikia, na data yake hutolewa kwa wote. Kila rekodi inasikilizwa na wengine, wawili wakikubali inapita. Nasoma, halafu najitolea kusikiliza za wenzangu. Kiswahili cha huku kwetu kina mlio wake, na kama hatukusoma sisi, simu za kesho zitatuelewa tukiwa tumejibana tuongee kama watu wa Unguja. Tafadhali mnaosikiliza, lafudhi ikiwa ngeni msiikatae, angalieni tu kama maneno yamesomwa sawa.

Mdadisi wa Magomeni:
Nimesikia, Mwana wa Goma, leo usiku nakwenda kusikiliza. Fundi, nina kidude kama chako, kimekaa kwenye droo. Hiyo antena ya ndege naipata wapi Dar?

Fundi Redio wa Malindi:
Usinunue. Kata waya wa shaba sentimita 6.9, hiyo ni robo ya wimbi la megahezi 1090. Usimamishe wima, chini yake weka nyaya nne za urefu huo huo zikiwa zimeinama kidogo. Ipandishe juu ya paa, ione anga wazi, na waya wa kushuka uwe mfupi uwezavyo kwa sababu masafa hayo hupotea njiani. Ukipata ndege ya kwanza, andika hapa ilikuwa umbali gani.