Mjadala: Je, mzee Zosima alishindwa na kazi yake?

Ndugu wapenzi wa fasihi, nauleta kwenu mjadala ambao umeligawanya kundi letu la wasomaji hapa Nairobi. Tumekuwa tukisoma riwaya ya mwisho ya Fyodor Dostoyevsky, mwandishi Mrusi, ile ya ndugu wa ukoo wa Karamazov, iliyotoka kwa sehemu katika jarida la Russky Vestnik mwaka 1879 na 1880. Ndani yake yumo Zosima, mtawa mzee anayekaribia kufa, ambaye kijana Alyosha amemkabidhi malezi ya roho yake. Babake Alyosha anauawa, kakake Dmitri anahukumiwa kwa mauaji asiyoyatenda, na kaka wa pili, Ivan, anaugua akili. Mlezi wa kiroho ana kazi gani katika riwaya ya tanzia ikiwa tanzia yenyewe inampita?

Hoja kali zaidi dhidi yake ilitolewa hivi: tangu maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja zifukuliwe katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023, Mkenya hawezi tena kumsoma Zosima kwa moyo mweupe. Hoja hiyo ina mashiko, kwa sababu msimulizi mwenyewe anaeleza kwamba mzee wa aina hii huichukua nafsi na hiari ya mfuasi akaitia ndani ya nafsi na hiari yake. Anayesoma maneno hayo katika jiji ambalo mabango ya mikutano ya miujiza hayakosekani barabarani ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, wanaoyanukuu huishia njiani, kwani baadaye kidogo msimulizi anaonya kwamba chombo hicho kina makali kuwili na kinaweza kumfikisha mtu kwenye kiburi cha kishetani.

Mimi nashikilia kwamba Zosima amewekwa humo ili tumwone mlezi anayemwachilia mfuasi wake. Anamwagiza Alyosha aondoke monasterini akaishi ulimwenguni. Anapiga magoti mbele ya Dmitri hadi paji la uso linagusa sakafu, na kesho yake anamwambia Alyosha aache yote akamtafute kakake huyo, huenda akawahi kuzuia jambo la kutisha. Kisha anafariki. Watu wanafurika wakitarajia muujiza, kwa imani kwamba mwili wa mtakatifu hauozi, lakini kufikia saa tisa alasiri harufu ya mwili unaooza haifichiki tena. Watawa waliomwonea kijicho wanapata la kusema, na Alyosha, kwa uchungu wa kumwona mwalimu wake akifedheheshwa, anamsahau kabisa Dmitri. Anazisahau hata rubli 200 alizopaswa kuzifikisha kwa familia maskini. Usiku uo huo baba yao anauawa.

Hebu tuutazame mpangilio huo wa saa. Agizo lilikuwa limetolewa, tena waziwazi. Maafa yalipata upenyo kwa kuwa mfuasi alijishughulisha na heshima ya mlezi kuliko neno la mlezi. Sijasoma ukosoaji mkali kuliko huu wa tabia ya kuwatukuza viongozi wa dini, na umetoka kwa mwandishi aliyewaheshimu sana wazee hao: yeye mwenyewe alikwenda katika monasteri ya Optina mwaka 1878, muda mfupi baada ya kufiwa na mwanawe mdogo, ambaye naye aliitwa Alyosha. (Kwamba mahubiri ya Zosima ni marefu kupita kiasi, nakubali bila ubishi.)

Utetezi wangu unayumba panapohusika Smerdyakov. Huyu ni mpishi wa nyumba ile, anayesemekana kuwa mtoto wa nje wa mzee Karamazov, na ndiye muuaji halisi. Zosima anawapokea wanawake wa vijijini waliofiwa, mama tajiri mwenye mashaka ya imani, hata Ivan asiyeamini anapata baraka yake. Mpishi hafikishwi kamwe mbele ya mzee huyo, wala hakuna anayeona kwamba amekosekana. Wanaosema mlezi huyu alishindwa, naona afadhali waanzie hapo kuliko kwenye harufu ya maiti. Na wanaomtetea pamoja nami watueleze kama Alyosha, alipoagizwa kumtafuta kakake, alipaswa kufika jikoni pia.