Mabishano ya watu kupigwa chini kwenye makampuni ya teknolojia: tupeane uzoefu

Kisiki cha Mpingo

Wakuu, habari za Jumapili.

Hii mada ninayo moyoni siku nyingi. Sitaki kujua Musk alikuwa sahihi au alikosea, hilo mmeshalibishania mpaka mkatukanana wazazi. Nataka mtu aje aseme: tulibishana, halafu kikanikuta hiki.

Naanza na langu. Musk alikabidhiwa Twitter tarehe 27 Oktoba 2022, kwa dola bilioni 44. Tarehe 4 Novemba karibu nusu ya wafanyakazi wakawa nje. Hata wale wa ofisi ya Accra, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamehamia jengo jipya, panga liliwapitia. Kwenye grupu letu la ukoo (tuko 63, wengine siwajui hata kwa sura) aliyeileta hiyo habari ni mimi. Nikaandika: “Ofisi inasafishwa hivi. Watu wanalipwa mamilioni kunywa kahawa ya bure.” Makofi yakamiminika. Mjomba, mstaafu wa bandari, akasema na serikali ingeiga. Shemeji akaingiza siasa: hao ndio waliomfungia Trump akaunti, acha wakione. Mwingine akauliza mbona panga likishuka linaanza na watu weusi. Hapo ndipo moto ulipowaka, tukaenda mpaka saa nane usiku.

Sasa kuna mtoto wa mama mkubwa, yuko Austin, Texas. Kwenye ukoo yeye ndiye “injinia wetu”. Usiku kucha hakuandika neno. Nikamtaja: “Kaka, wewe uko jikoni, hebu waeleweshe hawa.” Akaweka kidole gumba. Nikajua ameniunga mkono, nikazidi kupanda juu.

Kumbe alikuwa ameachishwa kazi siku tisa kabla. Siyo Twitter, ni kampuni nyingine, siitaji. Sisi tulikuja kujua Januari, tena kwa mama mkubwa, baada ya kaka kuuza gari. Wakati tunapigiana makofi, yeye alikuwa anahesabu siku 60. Kwa wasiojua: ukiwa Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B, kazi ikiisha una siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine wa kukuombea au kubadili hadhi yako ya uhamiaji. Ukikosa, unafunga mizigo. Na hizo ni siku za kalenda, Jumapili imo, sikukuu imo. Mwezi huohuo Meta, wenye Facebook, ikatoa watu 11,000, kwa hiyo foleni ya wanaotafuta kazi ilikuwa ndefu kuliko ya mwendokasi Kimara saa moja asubuhi.

Nilimpigia kumwomba radhi. Akasema, “Usijali mdogo wangu. Kile kidole nilikiweka ili uache kuniita.”

Haya, leteni na yenu.

Chumvi ya Magadi

Dah. Sasa mkuu, grupu la ukoo bila ubishi litabaki na nini? Amina na michango.

Atoti wa Donholm

Mimi niko Nairobi. Nilifanya ile kazi ya kukagua vitu watu wanaposti. Jina la kampuni sitataja, tulisaini makaratasi na bado naogopa. Si ile ya kesi mnaijua.

Kazi yenyewe, video inakuja, unaangalia, unaamua ikae ama itoke, ingine inakuja. Yale nimeona huko siwezi kuyaandika hapa mkisubiri chakula cha Jumapili. Lakini umeuliza mabishano. 2022 tukienda kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, skrini yangu ilijaa Wakenya wakitusiana kikabila. Ubaya wa kukagua kwa lugha yako ni kwamba hakuna neno linakupita. Kompyuta haijui kwamba “madoadoa” hapa ni ya nguo, na pale ni majirani wanaambiwa wahame. Mwaka huo tume ya utangamano ililiweka hilo neno kwa orodha ya maneno ya chuki. Sisi tulikuwa tumelijua kitambo, kwa sababu ndilo tulikuwa tunaamka nalo na kulala nalo.

Halafu mteja akahama, tukaitwa mkutano wa dakika kumi, kwisha. Nikaandika Facebook vile tulikuwa tunalipwa. Aki nilikoma! “Shukuru, wenzako wana digrii na wanatarmac.” “Nyinyi ndio mnafukuza wawekezaji.” Hiyo ya wawekezaji ilikuwa imeshika moto, kwa sababu Daniel Motaung, mkaguzi wa zamani kutoka Afrika Kusini, alikuwa ameshtaki Meta na Sama, kampuni iliyomwandika kazi, hapa Nairobi Mei 2022, na Machi 2023 wakaguzi 184 wakaenda kortini pia. Meta ikasema korti ya Kenya haina uwezo juu yake. Korti ikasema iko nao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo. Kwa hivyo kila mtu akiandika “mshahara”, anajibiwa “kesi”. Yangu haikuwa kesi. Nilikuwa naeleza tu.

Sasa sikieni. Kati ya walionitukana kuna mmoja aliangalia jina langu la pili akaniambia nirudi kwetu. Picha yake ya wasifu ilikuwa gari nyekundu, naweza kuapa si yake. Hiyo gari naijua. Nilikuwa nimeitoa posti yake mara mbili nikiwa kazini.

Sumu ya Nyuki

Pole dada. Ila tuwe wakweli, mkizidi kushtaki, si kazi zitaenda nchi nyingine?

Atoti wa Donholm

Zingine zilienda Ghana. Na huko pia wamelalamika.

Mzee wa Kaunta

Mimi nitawaudhi, kwa sababu kwenye hadithi zenu zote niko upande wa pili wa meza.

Nilikuwa na kampuni ndogo ya programu, Nairobi, watu 31. Mwaka 2023 riba za Marekani zilikuwa zimepanda na wale wenye pesa waliokuwa wakitupigia simu kila wiki wakawa hawapokei za kwetu. Nikapunguza watu 14. Nilifanya kama mabosi wote wanavyofanya: niliandikiwa hotuba, nikaisoma kwenye Zoom, na walipofunga kamera nikabaki naangalia uso wangu.

Jioni mmoja wao akaiweka Twitter. Hakunitukana. Aliandika tu orodha ya majina ya pili ya waliobaki, watu 17, halafu akauliza: “Mnaona ninachokiona?” Walikiona. Kumi na mmoja walikuwa watu wa kwetu. Ilipofika usiku nilikuwa mkabila namba moja Kenya.

Nikabishana siku tatu. Nilileta majedwali: idara gani ilikufa, nani alikuwa na mkataba wa aina gani, nani aliingia lini. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Idara ya usafirishaji ilikufa yote, na huko ndiko kulikuwa na mchanganyiko wa watu. Mke wangu ndiye aliyeniuliza tukila: hao kumi na mmoja uliwapataje? Nikaanza kumhesabia. Huyu alisoma na mdogo wangu. Huyu tunasali naye. Huyu aliletwa na huyo. Kila nafasi ilipotokea nilikuwa nauliza ofisini, “Nani anamjua mtu?” Na anayemjua mtu anamjua wa kwao.

Kwa hiyo siku ya kuwaachisha sikuchagua kabila, naweza kula kiapo. Nilikuwa nimeshalichagua miaka minne nyuma, siku za kuajiri. Sikurudi mtandaoni kulisema hilo. Wakili alinikataza, na kusema kweli nilishukuru kukatazwa.

Chumvi ya Magadi

Yule mwenye orodha ulimwomba radhi?

Mzee wa Kaunta

Nilimwandikia barua ya kumpendekeza kazi. Aliipokea. Hakusema asante na sikutegemea.

Bahari Haivukwi kwa Mguu

Yangu fupi. Niko Atlanta, naandika programu. Januari 2025 Meta ilipotangaza kuvunja mipango yake ya kuajiri watu wa makundi mbalimbali, mwenzangu mmoja akaandika kwenye Slack, grupu letu la kazini, kwamba hatimaye watu wataajiriwa kwa uwezo. Mimi ndiye mweusi pekee kwenye timu ya watu tisa. Niliandika, nikafuta, nikaandika, dakika arobaini. Mwisho nikatuma swali moja: “Mimi nilifanyiwa usaili mara sita. Wewe mara ngapi?” Akajibu mbili, maana alikuwa analetwa na rafiki yake (mzee wa kaunta, salamu zako hizo).

Bosi akaja akaufunga ule ukurasa: siasa si za kazini. Huo mtindo siyo mgeni, kampuni ya sarafu za kidijitali Coinbase walianza 2020, wale wa programu Basecamp wakafuata 2021 na karibu theluthi ya watu wao wakaondoka. Kilichonishangaza ni kwamba kauli ya mwenzangu ilikaa pale asubuhi nzima ikiwa ni maoni. Swali langu lilipoingia ndipo ikawa siasa.

Sumu ya Nyuki

Kisiki, kaka alirudi?

Kisiki cha Mpingo

Alipata kazi siku ya 52, Ohio, kwa mshahara pungufu. Grupu la ukoo alijitoa, michango tunamtumia pembeni. Wadogo zetu wanaosoma kompyuta hapa Dar walikuwa wanamtegemea awaelekeze njia, lakini Septemba 2025 Trump aliweka ada ya dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya Marekani. Sasa wanajifunza Kijerumani.

Mtoto wa Ngamiani

Nimesoma tangu asubuhi, nilikuwa sitaki kuandika.

Mimi ni Mhindi wa Tanga. Nimezaliwa Bombo, nimesoma Tanga, sasa naishi New Jersey, nina uraia wa huku. Desemba 2024, wiki ya Krismasi, Trump alikuwa amemteua Sriram Krishnan, mzaliwa wa Chennai, awe mshauri wake wa mambo ya akili mnemba. Wafuasi wake wakapasuka vipande viwili, Musk na mfanyabiashara Vivek Ramaswamy wakitetea H-1B, wengine hawaitaki hata kuisikia. Siku ya pili tu viza zikasahaulika, wakabaki Wahindi: tunanuka, tunapeana kazi, tumeiba nafasi za watoto wao.

Nikafanya kosa la kujibu kwa hesabu. Nikawaandikia kwamba kwa kampuni za kawaida ni viza 85,000 kwa mwaka, na ni bahati nasibu. Nani alisoma? Nikajibiwa “rudi India”. India nimeiona kwenye sinema. Hasira zikanipanda nikaandika kwa Kiswahili: “Kwetu Tanga, mjinga wewe.”

Hapo akatokea Mtanzania. Sijui alitoka wapi. “Kwenu Tanga tangu lini? Nyie si ndio mliotunyonya?”

Yule Mmarekani nilimfungia sekunde ileile, akaisha. Huyu sikuweza. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, naandika majibu kichwani. Kwamba nyumba ya babu, ghorofa moja na duka chini, ilitaifishwa 1971. Kwamba ndugu zetu walipokimbilia Uingereza na Canada, baba alikataa, akasema atazikwa Tanga, na amezikwa Tanga. Ningemaliza hapo ningeshinda, watu wangeniwekea mioyo.

Lakini nyumbani kwetu dada wa kazi alikuwa na kikombe chake. Kilikaa peke yake, chini ya karo, na sisi watoto tulijua hatukigusi. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Sasa ningemwandikia vipi yule mtu kuhusu nyumba, nikakiacha kikombe? Sikujibu. Ile kauli yake bado ipo pale.

Chumvi ya Magadi

Mama yangu alifanya kazi kwa Wahindi, Korogwe. Hicho kikombe nakijua. Cha bati, bluu, kimebanduka ukingoni.

Mtoto wa Ngamiani

Chetu kilikuwa kijani.

Sumu ya Nyuki

Dada, hiyo nyumba ya babu bado ipo?

Mtoto wa Ngamiani

Ipo. Chini sasa ni duka la simu. Mwaka 2019 nilikwenda kumzuru baba kaburini, nikaingia pale kununua laini, ndiyo ilikuwa imeanza ile ya kusajili kwa alama za vidole. Kijana wa kaunta akaniuliza kwa Kiingereza natokea nchi gani. Nikampa pasipoti.