Mjadala: Mwanafunzi akikutwa na riwaya ya upelelezi, anyang'anywe au aachiwe asome?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limenikaa rohoni.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alinyang'anywa kitabu shuleni, riwaya ya upelelezi aliyoazimwa na mwenzake. Mama yake akaitwa, akakabidhiwa kitabu pamoja na onyo: mtoto asome vitabu vya maana.

Nilikishika kitabu chenyewe. Jalada lilishatoka siku nyingi, wamekifunika kwa karatasi ya kaki na kukishona mgongo kwa uzi wa fundi viatu. Kurasa tatu za mwisho hazipo. Ndani ya ile kaki, kila aliyekimaliza ameandika kwa penseli anamdhania nani kuwa muuaji, na kwa nini. Nilihesabu majibu 11.

Kila siku tunalalamika kwamba vijana hawasomi. Hawa 11 wamesoma mpaka kitabu kimechanika, wakapima ushahidi, wakaandika hoja zao bila mtu kuwaambia kuna mtihani. Wakati huohuo riwaya teule za darasani wengi wanazijua kwa vijitabu vya maswali na majibu tu: dhamira hizi hapa, falsafa ya mwandishi hii hapa, kariri uende. Hadithi yenyewe hawajawahi kuifungua.

Upande wa pili nimeusikia. Wanasema muda ni mchache na mtihani wa taifa uko mlangoni. Hili nalikubali kiasi. Kitabu kisisomwe chini ya dawati mwalimu akifundisha. Wanasema pia kwamba riwaya pendwa, yaani za kuburudisha kama hizi za upelelezi na mapenzi, tofauti na riwaya dhati zinazohesabiwa kuwa za fikra nzito, zinaharibu lugha. Hapa sikubali hata kidogo. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa heshima zote. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Msomeni Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake anavyohoji watu, halafu mniambie Kiswahili kile kimeharibika wapi. Akaja Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, akaja Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Mimi Kiswahili cha kuandika barua nimekipata kwa Willy Gamba, kwa mwanga wa kibatari, kabla sijajua "fani na maudhui" ni kitu gani.

Kuna hoja moja ya kweli, nayo nisiikwepe. Zipo hadithi za mapenzi ambazo kuanzia mwanzo hadi mwisho ni chumbani tu, na mtoto wa miaka 14 hazimfai. Dawa yake ni mtu mzima kusoma kwanza na kuchambua kwa umri. Kuzoa kila kitabu chenye jalada la bastola ni uvivu, maana anayezoa hakufungua hata kimoja.

Nyumbani kwangu tunafanya hivi. Namwekea mtoto vitabu vitatu mezani, asome kurasa mbili za kwanza za kila kimoja. Kile atakachofungua ukurasa wa tatu bila kuambiwa, ndicho chake wiki hiyo. Kikimchosha njiani anaruhusiwa kukiacha, wala simuulizi amejifunza nini. Swali hilo tumeliuliza mno kwa watoto, hadi kitabu kikawa kama dawa ya kwinini kwao. Binti yangu alianza na upelelezi mtupu. Sasa anasoma Shaaban Robert kwa hiari yake.

Juzi nimepata nakala kamili ya riwaya ile kwa wauza vitabu vya mitumba. Zile kurasa tatu nimezitoa fotokopi. Kati ya majibu 11, mawili yalikuwa sahihi, na mpwa wangu ni miongoni mwa waliokosea. Kitabu cha watu lazima kirudi kwa mwenyewe, na nataka kirudi kikiwa kizima.

Walimu mliopo, nisaidieni: kurasa hizi nimpe mtoto azipeleke, au niende mwenyewe nimkabidhi mwalimu, nimwombe asome kwanza?