Kukaa tu karibu na watoto wakisoma, ni kufundisha? Naomba ushauri

MamaTororo:
Salamu wakubwa kwa wadogo. Niko Tororo, mashariki mwa Uganda, nawafundisha watoto wangu wawili nyumbani. Tulianza shule zilipofungwa Machi 2020, kwa masomo ya redioni na yale makaratasi ya serikali. Wenzao waliporudi Januari 2022, sisi tukabaki. Mkubwa sasa anasoma ya P6 (darasa la sita), mdogo P3. Baba yao ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine Juba.

Asubuhi nafundisha kweli kweli. Baada ya chakula cha mchana nguvu zimeisha, nakaa nao mkekani na ungo wangu, nachambua maharage. Wao wanafanya hesabu, mimi kimya. Juzi mama mkwe katukuta hivyo, akasema, "Wewe hufundishi, unachunga watoto kama mbuzi." Maneno yakamfikia mwanawe, na sasa anataka mkubwa aende bweni mwaka ujao kujiandaa na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Lakini kuna kitu nakiona. Mdogo akiwa kwenye kugawanya, nikiinuka kwenda kusonga posho (ugali), kalamu inalala. Nikirudi anaendelea palepale, hata sijakaa vizuri. Na hajaniuliza lolote! Tena ni saa hizo anaponitolea ya moyoni. Kwamba hapendi baba akienda Juba, aliniambia huku anaandika, wala hakuinua kichwa. Asubuhi kwenye somo hayo hayatoki.

Sasa hii ni kazi, au najidanganya? Na bweni mnasemaje?

Mwl_Mbale:
Dada, nimefundisha P7 muda mrefu. Darasa likijaa hujui hata nani kaja bila kunywa chai. Hilo unalofanya mimi darasani sikuliweza, usimsikilize mtu.

Ila mapenzi hayasajili mtahiniwa. PLE haifanyiwi nyumbani, UNEB, baraza la mitihani, inampokea mtoto kupitia shule yenye namba ya senta (kituo cha mtihani). Anza sasa kuongea na walimu wakuu wa shule za kutwa, usingoje afike P7. Masomo ni manne tu: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST (maarifa ya jamii). Mpe karatasi za miaka iliyopita, azifanye kwa saa.

Aggregate6:
Mimi nilipelekwa bweni nikiwa P4. Matokeo ya PLE mnayaona kwenye jina: jumla 6, na bora kabisa ni 4. Mama alikuwa anakuja siku ya wazazi na kuku wa kukaanga, soda, na maswali ya maksi. Simlaumu, karo ilimtoa jasho. Lakini hadi leo tukipigiana simu tunaulizana kazi na hela, basi. Tukifika hapo kila mtu anatafuta namna ya kukata.

Boda_Malaba:
Tusidanganyane jamani. Mtoto anayeandika mama akiwepo tu, siku ya mtihani utaingia naye chumbani? Mzoeshe. Leo toka dakika kumi, kesho nusu saa.

MamaTororo:
Boda, hoja yako naikubali nusu. Mkubwa alikuwa hivyohivyo, sasa anajifungia chumbani na vitabu vyake. Akikwama anakuja, anakaa karibu yangu kidogo, anachukua maharage mawili matatu anachambua, kisha anarudi ndani. Hakuna aliyemfukuza mkekani, aliondoka mwenyewe. Kwa nini nimharakishe mdogo?

MkeWaDereva:
Mwenzangu, wangu pia yuko barabarani. Hao wakirudi wanakuta nyumba imetulia, wanadhani imetulia yenyewe. Usibishane naye kwenye simu. Akifika mwachie kazi ya mchana mmoja, akae na watoto, simu kaizime, asifundishe chochote. Jioni ndipo muongee habari za bweni.

MamaTororo:
Hahaa, mchana mzima bila simu? Anafika Ijumaa kama foleni ya mpakani Malaba si ndefu, nitajaribu. Mwalimu, hizo shule za kutwa zitanidai nini kwa mtoto ambaye hana ripoti?

Mwl_Mbale:
Kila shule na utaratibu wake. Beba cheti cha kuzaliwa na madaftari yake yote, na utegemee watampa mtihani wa kumpima. Wakikutajia karo, uliza kama chakula cha mchana kimo ndani.