Mashine ya vifuko vya springi nimeilipia yote, neno la siri la kulehemu wamebaki nalo

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu nikiamini tutaelewana na waliotuuzia mashine hii ya kutengenezea springi za magodoro. Leo yamenifika shingoni. Mbele yangu hapa sakafuni kuna godoro lililorudishwa na mteja. Nimelichana ubavuni, na nilichokikuta humo ndani kimenimaliza uvumilivu.

Safu ya tatu kutoka ukingoni, springi nne zimetoka kwenye vifuko vyake. Moja imelala ubavu na kuingiza pete yake ya juu ndani ya pete ya jirani, chuma kwa chuma. Kitambaa hakijachanika katikati, kimefunguka palepale kwenye mshono, mstari umenyooka kama uliopitishwa wembe. Ukishika ule ukingo ni mkavu na mgumu, ukiukunja kwa kidole unakatika. Mama aliyelirudisha hakuja na ugomvi. Alisema tu, "Kila nikigeuka kumnyonyesha mtoto, godoro linalia tik, mtoto anaamka." Amelilalia wiki tisa.

Kwa ambao hawajawahi kusimama mbele ya hii mashine, nieleze kidogo mpate kuelewa hasira yangu inatoka wapi. Waya wa chuma, mara nyingi wa unene wa milimita 1.8 hadi 2, unaingia upande mmoja na kusokotwa kuwa springi. Springi inapitishiwa umeme ipate moto kidogo, ili chuma kitulie na isije ikalegea na kupoteza kimo. Inapozwa, inakandamizwa mpaka inakuwa bapa, halafu inasukumwa katikati ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Kitambaa chenyewe ni cha polipropilini, aina ya plastiki, kile kisichofumwa. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: chuma cha titani kinashuka na kubana tabaka mbili za kitambaa juu ya chuma kingine kilichotulia chini. Sisi kiwandani tunaviita nyundo na fuawe. Nyundo inatetemeka mara 20,000 kwa sekunde, kwa umbali unaokaribia unene wa unywele, na ule msuguano unayeyusha kitambaa tabaka mbili zishikane, bila uzi, bila gundi. Huko ndiko kulehemu. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Kifuko kikishafungwa, springi inapigwa igeuke isimame ndani yake, na mkanda wa vifuko unasonga mbele kwenda kwenye gundi.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi hata siku moja. Springi ndani ya kifuko haijapumzika. Kifuko ni kifupi kuliko kimo chake halisi, kwa makusudi, ili ianze kubeba mara tu mtu anapolala. Maana yake inausukuma mshono usiku na mchana, hata godoro likiwa stoo na hakuna aliyelilalia. Mshono wa gunia la mahindi unapata kupumzika gunia likiwa tupu, lakini huu haupumziki mpaka godoro litupwe. Kwa hiyo mshono dhaifu haufi siku ya kwanza mkaguzi akiwa amesimama pale. Unasubiri ufike chumbani kwa mtu.

Piga hesabu. Godoro la sentimita 150 kwa 200, springi za kipenyo cha sentimita 6: 25 upande mmoja, 33 upande mwingine, jumla 825. Kila springi ina mshono wa kuitenga na mwenzake na mshono wa kuufunga mdomo wa kifuko, kwa hiyo mishono inapita 1,600. Ukiambiwa asilimia 99 ya mishono ni mizuri unaweza kufurahi, kumbe umeuza godoro lenye mishono 16 mibovu.

Tatizo langu lilianza wiki ya pili baada ya mashine kuwashwa. Upande wa kushoto wa mshono ulikuwa unaachia. Ukishika tabaka mbili na kuzivuta zinabanduka taratibu kama stika kwenye kioo, hazijaungana. Upande wa kulia uko sawa. Ukiinua kitambaa juu ya taa unaona mwenyewe: kulia vile vidoti vya mshono vinang'aa vyote sawasawa, mwanga unapita, kushoto ni vyeupe na hafifu kama maziwa. Mtu yeyote aliyewahi kulehemu kitambaa akiona hivyo anajua la kutazama kwanza: nyundo haijalala sawa juu ya fuawe.

Nikawapigia. Jibu la kwanza, kitambaa chako. Sawa, nakubali kitambaa kinaweza kuwa mkosaji, wengine wanakichanganya na unga wa chokaa kupunguza gharama na hakilehemiki vizuri, nimeshakutana nacho. Basi nikatoa stoo roli la kitambaa walichokuja nacho wao wenyewe siku ya kufunga mashine, gramu 80 kwa mita ya mraba, lebo yao ipo. Kushoto kukabanduka vilevile. Nikawatumia video.

Jibu la pili, hewa yako ya kompresa inayoendesha mashine haitoshi. Nikanunua tangi jingine la hewa na kulifunga pembeni ya mashine, na kichujio cha kuondoa maji. Geji haikushuka chini ya baa 6 siku nzima. Kushoto kukabanduka vilevile.

Jibu la tatu, umeme wako unapanda na kushuka. Nikaweka stabilaiza. Nadhani mmeshajua kilichotokea kushoto.

Ona wakuu, kila jibu lao lilikuwa na gharama, na kila gharama ilikuwa yangu. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Hebu tuangalie mashine yetu."

Ikabidi niangalie mwenyewe. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa na njia yake: unaweka karatasi nyeupe na karatasi ya kaboni juu yake, unaiteremsha nyundo mara moja bila kuitetemesha, unatazama alama. Nyundo ikiwa imelala sawa, alama inatoka nyeusi toka mwanzo hadi mwisho. Yangu imetoka nyeusi kulia, katikati imefifia, na theluthi ya kushoto ni karatasi tupu. Hakuna alama kabisa. Nimerudia mara sita, karatasi zote sita ninazo na tarehe zimeandikwa.

Fuawe imekaa upande! Hiyo ni kazi ya boliti nne na mabati membamba ya kuinulia, robo saa inatosha. Lakini zile boliti zimepakwa rangi nyekundu kiwandani, na mkataba unasema ukivunja hiyo rangi dhamana imekufa. Nikawaomba ruhusa kwa maandishi. Wakakataa kwa maandishi.

Tukaja kwenye skrini. Inaniruhusu kugusa vitu vitatu: kasi, urefu wa kifuko, na idadi ya springi kwenye mkanda. Muda wa kulehemu, shinikizo la nyundo na ukubwa wa mtetemo, yaani mambo matatu yanayoamua kama mshono utaishi au utakufa, yako nyuma ya neno la siri. Nimelipa senti ya mwisho. Mashine iko kwenye jengo langu, inakula umeme wangu, vijana wangu ndio wanaitumikia, lakini mlango wa chumba muhimu kuliko vyote ufunguo uko mfukoni kwa mtu mwingine.

Na hapa ndipo walipofanya kitu ambacho sitawasamehe. Fundi wao aliingia kwenye mashine kwa intaneti. Akaniambia nisimamishe uzalishaji nusu saa. Nikaona namba zinapita kwenye skrini, nyuma ya dirisha ambalo sina ruhusa ya kulifungua. Akamaliza, akasema jaribu sasa. Nikajaribu, kushoto kukashika. Nikavuta kwa nguvu, hakukubanduka. Nikamshukuru mtu yule, nikarudi kazini.

Alichokifanya nimekielewa leo, nikiwa nimeushika huu ukingo mkavu mkononi. Fuawe imebaki imeinama vilevile, maana hakuna mtu aliyeigusa. Aliongeza nguvu. Aliipandisha mpaka upande wa kushoto, unaoguswa kidogo, ukapata moto wa kutosha. Na upande wa kulia, uliokuwa umebanwa vizuri tangu mwanzo, ukapata moto uliopitiliza. Kitambaa kikiungua hivyo kinashikana kweli, na ukikivuta siku hiyo hiyo kinakuridhisha, ila pembeni mwa mshono kinabaki chembamba na kikavu, kimeshakatwa nusu. Springi inasukuma, inasukuma, wiki ya tisa kinaachia. Nimerudisha kumbukumbu za uzalishaji: magodoro yote matano yaliyorudi mpaka sasa yametengenezwa baada ya siku ile ya fundi wa intaneti. Hata moja halikutangulia.

Nikamuuliza alibadilisha nini, kutoka namba ipi kwenda ipi. Akajibu hizo ni siri za kampuni.

Siri gani? Mtu aitwaye James Marshall alitengeneza springi za ndani ya vifuko huko Kanada mnamo 1900, zikifungwa kwa mkono. Kampuni ya Simmons ya Marekani ikaja na mashine ya kazi hiyo, na mwaka 1925 ikaingiza sokoni godoro lake la Beautyrest. Kitu kina miaka zaidi ya mia moja. Na yule aliyeshona kwa sindano, mshono ukimshinda alikuwa anauona, anaufumua, anashona upya. Mimi wa leo mwenye mashine ya skrini nauona mshono unakufa na siruhusiwi kuutibu.

Kasi sitaisema sana. Karatasi ya matangazo iliandika springi 100 kwa dakika. Nilikaa na saa dakika kumi nikapata wastani wa 64, kwa springi za kimo cha kawaida tu. Hilo ningelimeza. Dhamana nayo wameihesabu tangu siku kontena lilipofika, wakati mashine ilikaa miezi miwili kwenye turubai ikisubiri fundi wao. Hilo nalo ningelimeza kwa shida.

Ila kuna jambo la usalama lazima niseme. Mshono ukiwa mbaya springi zinachomoka ndani ya mashine, mashine inasimama, kijana anafungua kioo, anatoa springi iliyonasa, anafunga. Siku mbaya tumefanya hivyo mara 40. Binadamu akifungua kioo mara 40 ataanza kutafuta namna ya kuifanya mashine ifanye kazi kioo kikiwa wazi. Nilimkuta mmoja ameshabandika sumaku kwenye swichi ya mlango, na mkono wake uko sentimita chache kutoka kwenye zile sahani zinazokandamiza springi. Nilitetemeka. Nimeiondoa, nimeongea naye kama mwanangu, kwa sababu najua nani amemsukuma hadi pale. Wenye mashine za aina hii, kagueni swichi za milango yenu leo leo.

Ninachodai kwao ni vitu vitatu na sitaki pungufu: waje wanyooshe fuawe kwa gharama yao, wanipe namba zote za kulehemu zilizowekwa siku mashine inatoka kiwandani na zile alizobadilisha fundi wao, na neno la siri likabidhiwe kwa mwenye mashine. Magodoro matano nimeshawarudishia watu kwa mapya, bila kubishana nao, na mama wa mtoto nimempelekea la kwake mimi mwenyewe. Mengine yaliyotoka kipindi kile nawapigia wenyewe mmoja mmoja, sisubiri yalie.

NYONGEZA, jioni: Naona wengi mmeniambia nivunje rangi ninyooshe mwenyewe, dhamana ife. Mkuu uliyeandika kwamba ulifanya hivyo na ikatulia, nimekusoma vizuri. Nimesimamisha mashine tangu mchana. Nikifika Ijumaa bila jibu la maana nitazifungua hizo boliti mbele ya kamera, karatasi ya kaboni ikiwa pembeni, kabla na baada.

Ninachohitaji kwenu kabla ya hapo: mwenye mashine ambayo skrini yake haijafungwa, analehemu kitambaa cha gramu 70 au 80, naomba namba zako tatu, muda, shinikizo na mtetemo, na useme nyundo yako ina umri gani. Na kama uliwahi kubadilisha nyundo, niambie ilianza kuonyesha dalili gani. Picha ya mshono uliopigwa juu ya taa itanisaidia kuliko maelezo marefu.